Pascal ya Stoo ya Msimbazi

Kitenge chenyewe kilikuwa kibaya. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani watu waligombania kitu cha maana. Kilikuwa cha rangi ya chungwa, na juu yake zimechorwa feni za mezani za zambarau, feni baada ya feni, kana kwamba mchoraji alikuwa anasikia joto kazini. Lakini kamati mbili za harusi, moja ya Tabata na nyingine ya Mbagala, zilikipenda siku moja, asubuhi moja, na majora ishirini ya mwisho yakauzwa mara mbili.

Muuzaji alikuwa mama mkubwa wangu, dada wa mama yangu. Alishuka kutoka Marangu akiwa msichana, akaanza na meza ya leso pembeni ya soko, na siku ninayoisimulia alikuwa na maduka mawili ya vitenge vya jumla, moja Kariakoo na lingine Upanga, pamoja na stoo kubwa huko Msimbazi. Upanga waliwauzia feni zile wanawake wa Tabata. Dakika kumi baadaye Kariakoo wakawauzia wanawake wa Mbagala feni zile zile. Kila upande ulipewa karatasi na kuambiwa uje Kariakoo saa nane mchana kuchukua mzigo. Wakaja wote, kwa wakati, jambo ambalo si kawaida ya kamati za harusi.

Mimi nilikuwepo kwa sababu ya chakula. Nilikuwa nimeacha kazi ya ofisini miezi michache kabla, nikawa najiita mtaalamu huru wa programu, na uhuru wenyewe ulimaanisha kwamba kila mchana nakula kwa mama mkubwa, nyuma ya kaunta, nikiwa nimekalia robota la vitenge. Nilikuwa na sahani ya wali maharage mapajani wakati mwenyekiti wa Tabata aliposhika ncha moja ya jora na mwenzake wa Mbagala akashika ncha nyingine.

"Dada, achia. Hii ni sare yetu."

"Yenu imeandikwa wapi? Mimi nina karatasi."

"Hata mimi ninayo."

Mama mkubwa alivaa miwani, akasoma karatasi zote mbili polepole, akasema, "Zote ni za kweli." Ilikuwa kauli ya uaminifu mkubwa na haikumsaidia mtu yeyote. Bibi harusi wa Mbagala, msichana mrembo mwenye kucha ndefu, alikaa chini kwenye sakafu ya duka na kuanza kulia bila sauti. Shangazi yake akatangaza kwa mtaa mzima kwamba Wachaga wanauza hata hewa. Mama mkubwa akamjibu kwamba hewa haina sare. Ilichukua karibu saa mbili kuwatuliza. Tabata wakaondoka na feni zao, na Mbagala wakabembelezwa kwa kitenge cha bluu chenye mapapai, ambacho, kwa maoni yangu ambayo hayakuulizwa, kilikuwa kizuri zaidi.

Walipoondoka, mama mkubwa aligeuka na kuniangalia mimi na sahani yangu.

"Wewe uliyesomea kompyuta miaka yote ile," alisema. "Hiki kitu hakina dawa?"

"Kinayo. Ni kuziunganisha kompyuta za maduka na stoo. Wiki moja tu."

Nilikuwa na mdomo umejaa wali nilipoahidi. Nadhani ndiyo maana nilisikika kama mtu anayejiamini.

Tatizo halikuwa kuunganisha nyaya. Intaneti ilikuwepo mahali pote patatu. Tatizo ni kwamba kila kompyuta ilikuwa na programu yake, na kila programu imeandikwa kwa lugha yake. Kariakoo walikuwa na programu ya kaunta iliyoandikwa kwa PHP na kijana mmoja aliyehamia Mwanza akabadilisha namba ya simu. Upanga walikuwa na programu ya Python niliyoiandika mwenyewe nikiwa mwaka wa pili chuoni, na sitaki kuizungumzia. Stoo ya Msimbazi ilikuwa na Pascal. Wasiojua mambo haya waelewe tu kwamba Pascal ni lugha ya programu ambayo walimu wangu chuoni waliitaja katika kipindi cha historia.

Kwa upande wangu nilikuwa nimechagua maktaba ya mawasiliano ya papo hapo. Tovuti ya kawaida haisemi mpaka iulizwe: ukitaka kujua kama jora bado lipo, unabonyeza, inakujibu, halafu inanyamaza, na dakika inayofuata jibu lake limeshachacha. Maktaba ya aina hii ni mkusanyiko wa kazi iliyokwisha kuandikwa na watu wengine, unaoiacha laini wazi muda wote kati ya seva na kila kompyuta, ili Upanga wakiuza jora, Kariakoo waone namba ikipungua palepale bila kuuliza. Maktaba niliyoipenda iliandikwa kwa JavaScript, na ukiwa na JavaScript pande zote kazi inakuwa mteremko. Kwa lugha nyingine unategemea watu wa kujitolea, ambao kila mmoja ameandika kiunganishi cha lugha yake kwa kiasi cha mapenzi aliyokuwa nayo.

Mtu wa Python alikuwa na mapenzi mengi. Upanga iliunganika kabla ya chakula cha mchana siku ya kwanza, na nikampigia mama mkubwa simu ya majivuno. Mtu wa PHP alikuwa na mapenzi ya wastani: kiunganishi chake kiliweza kutuma ujumbe lakini hakikuweza kukaa na kusikiliza, kama yule ndugu anayepiga simu, anasema lake, anakata. Nililizunguka hilo. Programu ya Kariakoo ilionekana kwenye kivinjari, kwa hiyo PHP ikawa inatuma, na kipande kidogo cha JavaScript ndani ya ukurasa kikawa kinasikiliza. Siku nne hizo.

Kwa Pascal nilitafuta mtandaoni kutwa nzima. Nilipata ukurasa mmoja. Mtu fulani aliuliza kama kuna kiunganishi cha Pascal, na jibu pekee lilitoka kwa mtu mwingine aliyemuuliza kwa nini bado anatumia Pascal. Mazungumzo yaliishia hapo.

Basi nikaenda Msimbazi kumwona mwenye Pascal.

Mtunza stoo alikuwa mzee wa Kariakoo halisi, kwao ni hapo hapo tangu baba yake, nyumba ya familia iko mitaa mitatu kutoka sokoni na imekataa kuuzwa kwa wajenzi wa maghorofa mara nyingi kuliko anavyokumbuka. Alivaa kofia ya kiua, shati la mikono mifupi lenye kalamu mbili mfukoni, na miwani iliyofungwa kwa ukanda wa pindo la kitenge. Kabla ya kustaafu alikuwa karani wa takwimu serikalini. Kazini walimpeleka kozi ya kompyuta, akarudi na Pascal, na hakuona sababu ya kutafuta nyingine. Mama mkubwa alipomwajiri, aliandika programu ya stoo mwenyewe, skrini ya bluu na herufi za njano, na ilikuwa inawaka haraka kuliko simu yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Umetumwa au umekuja?"

"Nimetumwa na mama. Tunataka tuweke programu mpya hapa."

"Hii ina kosa gani?"

"Haina kosa. Ila haiwezi kuongea na zile za madukani."

"Umeshaiuliza?"

Nikacheka, kwa kuwa nilidhani ni utani. Hakuwa anatania. Alinionyesha programu yake kwa nusu saa: kila jora, kila robota, rafu, safu, tarehe ya kuingia. Nilitazama kwa adabu huku kichwani napanga namna ya kuifuta.

Nilirudi kwa mama mkubwa nikamwambia kwamba wiki yangu moja imekwamishwa na mzee mmoja na Pascal yake.

"Usimguse mzee wangu," alisema. "Yule akiondoka, hata mimi sijui vitenge vyangu viko wapi."

Nilimsikia vizuri. Kilichofuata hakikutokana na kutosikia.

Wiki ya pili ikaisha, na mama mkubwa akaanza kuniuliza mbele ya wateja wiki za siku hizi zina siku ngapi. Ijumaa moja nilikwenda stoo nikamwambia mzee kwamba nataka kukagua waya wa intaneti. Ilikuwa saa sita na ushee na yeye anajiandaa kwenda kuswali.

"Basi kaa, nikirudi tutafunga wote," alisema, akanikabidhi ufunguo. Alinikabidhi kwa mikono miwili, jambo ambalo nimelikumbuka kwa uchungu mara nyingi tangu hapo.

Alipokata kona tu nikakaa kwenye kiti chake. Mpango wangu, niliouona mzuri sana, ulikuwa kuweka programu yangu pembeni ya yake, isome faili lake la mali na kuliandika upya kwa mtindo wangu, halafu akirudi nimwonyeshe jambo lililokwisha kukamilika. Programu zile za zamani huhifadhi kila bidhaa katika nafasi ya urefu uleule, moja inaanzia pale nyingine inapoishia. Nikakadiria urefu wa nafasi moja kwa macho. Sikutengeneza nakala, kwa vile nilikuwa na haraka na nilikuwa na akili.

Nilipowasha programu ya mzee kuhakikisha, herufi za njano zilikuwa zimehama. Feni Chungwa ilikuwa imegeuka "eni ChungwaM". Mapapai ya bluu yalikuwa "apai BluuKan", na kadiri nilivyoshuka chini ndivyo majina yalivyozidi kumezana, mpaka mwisho wa orodha hapakuwa na kitu kilichofanana na kitenge wala na Kiswahili. Idadi zilikuwa mbaya zaidi. Kwa mujibu wa skrini, tulikuwa na kanga milioni kadhaa na hatuna batiki hata moja.

Nilijaribu kurekebisha kwa kubahatisha, na nilichofanikiwa ni kuharibu pia orodha ya rafu. Nilikuwa bado nabofya niliposikia ndara zake mlangoni.

"Vipi, waya mzima?" aliuliza.

"Umeme ulicheza kidogo, mzee. Naona umevuruga faili."

Alitazama skrini. Kisha akaitazama betri ya akiba chini ya meza, ambayo taa yake ya kijani ilikuwa inawaka kwa utulivu wa kitu ambacho hakijasumbuliwa na umeme tangu asubuhi. Aliniomba kiti kwa ishara ya mkono, nikampisha. Akafungua droo, akatoa kidude cha kuhifadhia data kilichofungwa kwenye uzi pamoja na daftari la shule lenye jalada la kahawia. Kumbe kila siku kabla ya kuondoka alitunza nakala, na kila kilichoingia au kutoka tangu nakala ile alikiandika kwa mkono. Alirudisha kila kitu kwa muda wa dakika kama kumi na tano, akipiga kibodi kwa vidole viwili, bila kukosea.

Alipomaliza ndipo akaniuliza, sauti yake ya kawaida tu.

"Nafasi moja ni baiti sitini na nne. Wewe ulihesabu ngapi?"

"Sitini na tatu."

"Ungeuliza," alisema.

Ningependa kuandika kwamba niliomba msamaha palepale. Nilisema nina kikao Posta. Sikuwa na kikao chochote. Nilitembea mpaka Mnazi Mmoja, nikakaa kwenye benchi karibu na watu waliokuwa wanasikiliza mhubiri mwenye spika mbovu, na nikagundua kwamba ufunguo wa stoo bado ninao mfukoni. Nikarudi nao njia ile ile. Mzee alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki akiusubiri, kwa kuwa bila ufunguo asingeweza kufunga na kwenda kwake. Nilimpa. Nikamwambia umeme haukucheza.

"Najua," alisema. "Nenda salama."

Mzee hakunishtaki kwa mama mkubwa. Nilijishtaki mwenyewe Jumamosi, nyuma ya kaunta, nikiwa nimesimama kwa sababu nilihisi robota silistahili. Nilitegemea anigombeze. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamhudumia mteja, akarudi.

"Mimi nilikwambia usimguse, ukamgusa," alisema. "Sasa nenda ukamguse vizuri. Na usiende mikono mitupu."

Nilinunua halua, boksi kubwa, yenye lozi. Mzee aliipokea kwa heshima zote, akanishukuru, akaniambia ana sukari, akawaita makuli waliokuwa wanapakia mzigo nje wakaimaliza mbele yangu. Mmoja alisema ilikuwa imekauka kidogo.

"Kaa," mzee akaniambia baada ya hapo. "Hiyo maktaba yako, utaratibu wake wa kuongea umeandikwa mahali?"

"Umeandikwa, mzee. Ila ni kurasa nyingi na ni Kiingereza."

"Binti, mimi nimefanya kazi serikalini mpaka nimestaafu. Unadhani tulikuwa tunasoma nini mle?"

Nikaenda steshenari, nikachapa utaratibu wote, nikamletea ukiwa umebanwa vizuri. Alianza kuusoma palepale, rula chini ya mstari, kalamu nyekundu mkononi. Baada ya siku tatu nilipopita kumwona, kurasa zilikuwa na alama nyekundu nyingi. Nikafurahi kwamba amekutana na magumu. Nilipoinama kuangalia nikaona alikuwa anasahihisha Kiingereza chao.

Aliandika kiunganishi cha Pascal mwenyewe, kuanzia mwanzo, kwa siku tisa. Sikuamini kwamba kitafanya kazi. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumfariji. Siku ya kujaribu nilikaa pembeni yake na kompyuta yangu iliyokuwa inaonyesha seva, naye akabonyeza kitufe, na kwenye skrini yangu ukatokea mstari mmoja kwamba mteja mpya, yaani kompyuta ya stoo, ameunganika kutoka Msimbazi. Nilimtazama. Alikuwa anafuta miwani.

Kisha laini ikakatika.

Akabonyeza tena. Ikaunganika, ikakaa sekunde ishirini na tano, ikakatika. Mara ya tatu, hivyo hivyo, ishirini na tano kamili. Seva yangu ilikuwa inaandika kosa moja kila mara, kwamba salamu imekuja kutoka upande usio wake.

Hapa inabidi nieleze. Laini ikiwa wazi muda mrefu, kila upande unataka kujua kama mwenzake bado yuko hai. Kwa hiyo kila baada ya muda fulani, mmoja anatuma namba mbili, mwingine anajibu namba tatu, na maisha yanaendelea. Programu ya mzee ilikuwa inatuma namba mbili. Seva ilikuwa inaipokea kama matusi na kukata.

"Mzee, hapa umeandika kinyume," nilisema. "Seva ndiyo inaanza."

"Hapana. Soma hapa." Akaniwekea rula chini ya mstari.

"Hapo labda umeelewa vibaya."

Alinitazama juu ya miwani. "Imeandikwa kwamba mteja atatuma. Hilo la kueleweka vibaya liko wapi?"

Tulibishana siku mbili. Siku ya kwanza ana kwa ana, siku ya pili kwa simu, mimi nikiwa Kariakoo nikipiga kelele katikati ya wateja kwamba mbili haitangulii, na watu wakidhani nauza kitu. Nilimweleza mama mkubwa kwamba nilijua tangu mwanzo Pascal ingetukwamisha. Nikafungua utaratibu ule mtandaoni ili niupige picha na kumtumia mzee aone ushahidi. Ndipo nikaona chini ya ukurasa namba ya toleo, na nikakumbuka kwamba siku ile steshenari nilifungua ukurasa wa kwanza uliojitokeza nikachapa bila kutazama. Nilikuwa nimempa toleo la zamani. Mzee alikuwa ameliandika kwa usahihi wa asilimia mia moja.

Safari hii nilikwenda Msimbazi kwa miguu, haraka, nisije nikapata muda wa kubuni kikao.

"Mzee, kosa ni langu. Nilikuchapia la zamani. Wamebadilisha."

"Wamebadilisha nini?"

"Zamani mteja ndiye aliyekuwa anasalimu. Sasa seva ndiyo inasalimu, mteja anaitikia."

Aliweka kalamu chini. "Programu yangu inaingia kwa seva yako. Aliyeingia ndiye mgeni. Sasa mwenye nyumba ndiye anapiga hodi?"

"Ndivyo walivyoamua."

"Kwa nini?"

Ni swali ambalo mimi sikuwa nimejiuliza. Nikasoma, nikamwambia: vivinjari vya siku hizi vinasinzia. Ukurasa usipotazamwa, kivinjari kinaichelewesha saa yake ili kuokoa nguvu, salamu zinachelewa, na seva inadhani mgeni amekufa kumbe amelala tu. Seva hailali, kwa hiyo wakaipa kazi ya kuanza.

Alifikiri kidogo. "Hiyo ni sababu," alisema. Alibadilisha mistari mitatu. Juu ya mistari hiyo, mahali ambapo mwandishi wa programu anaruhusiwa kuweka maelezo yake, aliandika kwa Kiswahili: "Mwenyeji anaanza. Sikubaliani, ila sababu yao ina msingi."

Akabonyeza. Sekunde ishirini na tano zikapita. Ikafika dakika. Mzee akaagiza chai, yake bila sukari, na tukakaa tukiitazama skrini ya bluu isiyofanya chochote, nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata nikitazama kitu kinachofanya kitu. Baada ya robo saa akapunguza jora moja la mapapai, kujaribu. Simu yangu ikaita hapo hapo.

"Huku namba imebadilika yenyewe," mama mkubwa alisema. "Nani amegusa?"

"Ni mzee, yuko Msimbazi. Amepunguza moja."

"Mwambie arudishe."

Mzee akarudisha.

"Imerudi," mama mkubwa alisema. "Atoe tena."

Tulitoa na kurudisha jora lile mara nane. Mara ya nane nilisikia nyuma yake watu wa dukani wakipiga makofi.

Nisingependa kudanganya kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Wiki za kwanza kila duka liliamini skrini na bado likapiga simu kuuliza kama skrini inasema kweli. Msimamizi wa Upanga, dada wa Kihindi aliyezaliwa palepale na mwenye Kiswahili kikali kuliko changu, alinipigia siku moja Kariakoo walipomtangulia kwa jora la mwisho, akaniambia seva yangu inampendelea mama yangu. Nilimweleza kwamba seva inampa aliyetangulia. Akasema hata marefa huwa wanasema hivyo.

Mgogoro mkubwa zaidi niliuanzisha mwenyewe kwa kuipenda sana kazi yangu. Pale Kariakoo niliigeuza skrini iwatazame wateja, ili waone idadi ikipungua kwa macho yao. Nilidhani ni maendeleo. Asubuhi moja mama mkubwa alikuwa anamwambia mwanamke kutoka Kigoma, kwa sauti ya huruma, kwamba kitenge kile kimebaki kimoja tu na kuna mtu ameshakiulizia. Mwanamke yule akanyoosha kidole nyuma ya bega la mama mkubwa. Skrini ilikuwa inaonyesha majora mia tatu na kumi na mawili.

Mteja alipoondoka, mama mkubwa aliigeuza skrini kwa mikono yake mpaka ikatazama ukuta.

"Mama, wateja wana haki ya kuona," nilisema.

"Haki waikute kanisani," alijibu, na tangu siku hiyo skrini inatazama upande wa muuzaji.

Mzee hakujali mambo ya madukani. Alichokuwa akikiwaza ni yule mtu wa mtandaoni aliyeuliza kuhusu Pascal akajibiwa ovyo. Nilimsimulia kisa hicho siku moja wakati wa chai, kama kichekesho, na yeye hakucheka.

"Alijibiwa lini?" aliuliza.

"Zamani kidogo."

"Na hakuna aliyemjibu tena mpaka leo?"

"Hakuna."

"Basi tumpelekee."

Tukaiweka kazi yake mtandaoni, bure, yeyote aichukue. Nilimshauri atafsiri maelezo yake yote kwa Kiingereza. Alisema yeye alisoma ya kwao, na wao wanaweza kusoma ya kwake. Sehemu ya waandishi aliweka jina lake, na chini yake la kwangu, kazi yangu ikiwa ni "majaribio na uchapaji". Nilijaribu kupinga neno la pili. Alisema ni la kweli.

Yule muulizaji wa zamani hakuonekana. Lakini baada ya wiki kadhaa akaandika mtu mwingine, Mbrazili, mwenye karakana ya viatu inayoendeshwa kwa Pascal mpaka leo, akisema kiunganishi kinafanya kazi, ila kinakwama jina la bidhaa likiwa na herufi zenye alama juu. Nilimsomea mzee. Alikaa wima, akavuta kibodi, akaandika jibu kama alivyokuwa akiandika ofisini: kumbukumbu namba juu kulia, yahusu katikati, aya zenye namba. Kosa alilitengeneza kwa siku mbili. Wakaja wengine wachache, mmoja wa Poland, mmoja ambaye hakusema anatoka wapi, na mzee akawa anafungua stoo mapema ili apate muda wa barua zake kabla mzigo haujaanza kushuka.

Mama mkubwa alipoambiwa kwamba kuna mtu Brazil anatumia programu ya stoo yake, aliacha kupima kitenge akauliza swali moja.

"Huko wanavaa vitenge?"

Mzee aliahidi kuulizia. Barua iliyofuata niliisoma kabla haijatumwa. Aya ya kwanza hadi ya nne zilihusu herufi na baiti. Aya ya tano ilieleza kwamba ofisi hii ina majora ya kutosha, rangi zote, na iwapo itampendeza mhusika, sampuli zinaweza kutumwa.